Uvira: Kwa nini woga unapandisha sukari? Mambo ambayo mgonjwa wa diabete wa Kalundu anapaswa kujua

Katika mtaa wa Kalundu, kusini mwa mji wa Uvira, ni kawaida kusikia mtu akisema kwamba mawazo yamemletea sukari. Wengine wanasema sukari yao ilipanda siku masasi yaliposikika, au usiku ambao maji yaliingia nyumbani. Sayansi inaonyesha kwamba maneno hayo yana ukweli mwingi, ingawa si ukweli wote. Kati ya woga na sukari kuna njia inayojulikana vizuri. Njia hiyo inapitia kemikali ndogo za mwili zinazoitwa monoamini, ambazo zinaweza kuizuia insulini isitoke au kuisaidia itoke.

Kwa mtu mzima wa afya, jambo hilo linapita bila yeye kulitambua. Kwa mgonjwa wa sukari anayeishi mahali ambapo watu wanalazimika kukimbia mara kwa mara, kulijua au kutolijua kunaweza kuamua kama ataamka kesho.

Wakaaji wa Uvira hawajakosa sababu za kuogopa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba na watu. Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia kwenye nyumba za kando. Mwaka 2025 mji wa Goma ulianguka mwezi wa Januari, Bukavu ukafuata Februari, wahami wakateremka hadi Uvira na wengine wakavuka mto Rusizi kuingia Burundi. Decemba mwaka huo huo vita vikafika Uvira yenyewe.

Insulini inatoka wapi

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Ndani yake kuna visiwa vidogo vya seli, na kati ya seli hizo kuna zile zinazoitwa seli beta. Kazi yao ni kutengeneza insulini na kuiweka katika vifuko vidogo, tayari kwa kutoka.

Mtu akila bugali au mchele, chakula kinageuka sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo inaingia katika seli beta na kuchomwa kama kuni. Nguvu inayopatikana inafunga vijinjia vya potasiamu kwenye ukuta wa seli, kisha vijinjia vya kalsiamu vinafunguka, kalsiamu inaingia, na vifuko vinamwaga insulini katika damu. Insulini inaipeleka sukari katika misuli na mafuta ya mwili, na inaliambia ini liache kutoa sukari ya akiba.

Kwa hiyo sukari ndiyo inayotoa amri kubwa. Lakini seli beta haiisikilizi sukari peke yake. Juu ya ngozi yake kuna vipokezi, yaani protini zilizo kama kufuli, na kila kufuli ina ufunguo wake. Monoamini ni baadhi ya funguo hizo. Zinazojulikana zaidi ni adrenalini, noradrenalini, dopamini na serotonini. Watu wengi wanazisikia zikitajwa kuhusu ubongo, lakini zinafanya kazi kwenye kongosho pia.

Adrenalini inakanyaga breki

Mtu akisikia mlipuko, tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Wakati huo huo mishipa ya neva inamwaga noradrenalini. Moyo unapiga mbio, jasho linatoka, mikono inatetemeka. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, na kwa kazi hiyo misuli na ubongo vinahitaji sukari nyingi haraka.

Mwili unaipata kwa njia mbili. Kwanza, ini linaambiwa lifungue akiba yake. Pili, seli beta zinaambiwa zisitoe insulini, kwa sababu insulini ingeirudisha sukari ghalani. Kipokezi kinachopokea amri hiyo ya pili kinaitwa alfa-2. Adrenalini ikikishika, mambo ya ndani ya seli yanapoa: vijinjia vya potasiamu vinafunguka tena na vifuko vya insulini vinazuiliwa kumwaga kilichomo, hata kama sukari ni nyingi.

Seli beta ina pia kipokezi kingine cha adrenalini, kinachoitwa beta-2, ambacho kinafanya kinyume: kinasukuma insulini itoke. Ufunguo ni mmoja, kufuli ni mbili. Lakini wakati wa woga mkubwa, alfa-2 ndiyo inayoshinda, na sukari inapanda.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1901, Mjapani Jokichi Takamine, aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba amefaulu kuitenga adrenalini ikiwa safi. Mwaka huo huo Ferdinand Blum wa Ujerumani alionyesha kwamba mnyama akichomwa dawa iliyotolewa katika tezi hizo, sukari inaonekana katika mkojo wake.

Miaka 10 baadaye, Walter Cannon wa chuo kikuu cha Harvard aliona kwamba paka waliotishwa walitoa sukari katika mkojo. Kisha akawageukia watu. Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho na ya moto zaidi ya msimu, wachezaji 25 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Harvard walipimwa mkojo. Kati yao 12 walikuwa na sukari. Jambo la kushangaza ni kwamba watano kati ya hao 12 walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Hawakukimbia hata hatua moja. Walikaa pembeni tu, roho juu.

Ushahidi wa moja kwa moja ulitolewa mwaka 1966. Daniel Porte na wenzake wa Seattle, Marekani, waliwapa watu adrenalini polepole kwa mshipa. Sukari ya damu ilipanda, lakini insulini haikuifuata kama ilivyopaswa. Adrenalini ilipokatwa, insulini ikapanda. Breki ilikuwa imeachiliwa.

Je, mawazo yanaleta ugonjwa?

Hapa ndipo maneno ya mtaani yanahitaji kunyooshwa. Woga unapandisha sukari kwa muda. Kwa mtu ambaye kongosho lake ni zima, sukari inarudi chini woga ukipita. Mtu hapati ugonjwa wa sukari kwa sababu ya usiku mmoja wa masasi.

Mambo ni mengine kwa yule ambaye tayari ana ugonjwa, au ambaye ugonjwa umeanza bila yeye kujua. Insulini yake ni kidogo, au mwili wake hauisikii vizuri. Breki ya adrenalini ikiongezwa juu ya hapo, sukari inaweza kuruka na kubaki juu. Ndiyo maana baadhi ya watu wanagunduliwa kuwa na diabete baada ya msiba, operesheni, ugonjwa mkali au kukimbia vita. Tukio lile limeufunua ugonjwa uliokuwa umejificha.

Pia watu hawafanani. Mwaka 2010, watafiti wa chuo kikuu cha Lund, Sweden, walitangaza katika jarida la Science kwamba baadhi ya watu wanazaliwa na aina ya jeni inayofanya seli beta zao ziwe na vipokezi vingi zaidi vya alfa-2. Breki yao ni kali kuliko ya wengine. Seli hizo zinatoa insulini kidogo, na watu hao wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata diabete ya aina ya 2.

Watafiti hao wakajiuliza: je, breki hiyo inaweza kufunguliwa kwa dawa? Walitumia yohimbini, kemikali inayozuia kipokezi cha alfa-2. Kemikali hiyo inatoka katika ganda la mti wa yohimbe, unaoota katika misitu ya Afrika ya kati, kama vile Kameruni na Gabon. Mwaka 2014 walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 50. Kwa wale wenye jeni hiyo waliopewa miligramu 20, insulini ya dakika ya 30 baada ya kunywa sukari ilipanda kwa asilimia 29.

Hiyo si ruhusa ya kwenda kutafuta ganda la mti sokoni. Yohimbini inaweza kupandisha tansio, kuufanya moyo upige vibaya na kuongeza wasiwasi. Ganda la kuuzwa halina kipimo kinachojulikana, na jaribio lile lilikuwa dogo. Hadi sasa yohimbini si dawa ya kutibu sukari.

Dopamini, serotonini na mama mjamzito

Dopamini nayo ni breki. Seli beta zina vipokezi vyake, hasa kile kinachoitwa D2, na kikishikwa insulini inapungua. Lakini mwili hauna njia moja tu. Mwaka 2009 Marekani iliruhusu bromokriptini, dawa inayoamsha vipokezi vya dopamini, itumike kwa wagonjwa wa diabete ya aina ya 2. Inatumiwa asubuhi, na faida yake inafikiriwa kutoka zaidi katika ubongo, ambako inapunguza nguvu ya mishipa ile ile inayoamuru mwili wakati wa woga. Kemikali moja inaweza kufanya kazi moja kwenye kongosho na nyingine kichwani.

Serotonini ina habari ya kufurahisha zaidi. Seli beta zenyewe zinatengeneza serotonini na kuihifadhi pamoja na insulini. Mwaka 2010, kundi la Michael German wa chuo kikuu cha California, San Francisco, lilionyesha kwamba panya akiwa na mimba, seli beta zake zinaongeza serotonini kwa wingi. Serotonini hiyo inashika kipokezi kilicho juu ya seli hizo na kuziamuru ziongezeke, ili mama aweze kukabili mahitaji ya mimba. Kipokezi hicho kilipozuiwa, seli hazikuongezeka vizuri na panya wakashindwa kuitawala sukari.

Kwa wanawake, mimba ni kipindi ambacho mwili unahitaji insulini zaidi kuliko kawaida. Kongosho likishindwa kuongeza kazi, inatokea diabete ya mimba. Mara nyingi haina dalili, na mtoto anaweza kukua kupita kiasi na kuleta matatizo wakati wa kuzaa. Mama anayekwenda kupimwa mimba anaweza kuomba apimwe sukari pia.

Wavuvi wa usiku

Kutoka Kalundu wavuvi wa ndagala wanaingia ziwani jioni na taa zao, na kurudi alfajiri. Kwao kuna kemikali nyingine ya kuijua: melatonini. Ubongo unaitengeneza kutoka kwa serotonini giza linapoingia, ili mwili ujue kwamba ni usiku. Seli beta zina vipokezi vyake pia, na vikishikwa insulini inapungua. Kwa mtu aliyelala hilo halina ubaya, maana hali.

Mwaka 2009 wanasayansi waligundua kwamba watu wenye aina fulani ya jeni ya kipokezi hicho wana hatari kubwa zaidi ya diabete. Mwaka 2022, watafiti waliwapima watu wazima 845 huko Hispania, wakiwapa sukari ya kunywa mara moja saa nyingi kabla ya kulala, na mara nyingine saa moja tu kabla ya kulala. Mara ile ya kuchelewa, melatonini ilikuwa juu mara 3.5, insulini ilikuwa chini na sukari ilibaki juu, hasa kwa wenye jeni hiyo.

Mvuvi, mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kuacha kazi. Lakini kama ana diabete, ni afadhali ale chakula kikubwa mapema kabla ya kuingia kazini, na katikati ya usiku ale kidogo tu, isipokuwa kama anatumia insulini na sukari yake imeshuka.

Dawa zinazogusa njia hizo hizo

Dawa nyingi za kawaida zinapita katika njia za monoamini, na mgonjwa wa sukari anapaswa kumwambia muuguzi au daktari kila dawa anayotumia.

Salbutamoli, dawa ya pumu, inaamsha kipokezi cha beta-2 na inaweza kupandisha sukari ikitumiwa kwa wingi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinazozuia dopamini, kama olanzapini na klozapini, zinaongeza uzito na sukari; klopromazini nayo inaweza kufanya hivyo. Mgonjwa asiziache mwenyewe, maana kuziacha ghafla kuna hatari yake. Anachohitaji ni kupimwa sukari mara kwa mara.

Propranololi, dawa ya moyo na tansio, ina hatari ya namna nyingine. Inazima vipokezi vya beta, kwa hiyo sukari ikishuka mgonjwa hasikii moyo kupiga mbio wala mikono kutetemeka. Alama inayobaki ni jasho.

Tramadoli, dawa ya maumivu inayoongeza serotonini na noradrenalini, imeonekana kuwashusha watu wengine sukari hadi kulazwa. Kinini, dawa ya malaria, haipiti katika monoamini, lakini inaisukuma insulini itoke kwenye seli beta. Ndiyo sababu mgonjwa wa malaria kali anayepewa kinini kwa mshipa, hasa mama mjamzito, anapaswa kupimwa sukari.

Hatari mbili wakati wa kukimbia

Siku ya kukimbia, mgonjwa anakutana na hatari mbili zinazovuta pande mbili.

Ya kwanza ni sukari kupanda. Woga unazuia insulini kidogo iliyobaki, na dawa zimeachwa nyumbani. Anakojoa sana, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Kwa mtu wa diabete ya aina ya 1, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kukosa dawa kwa siku moja au mbili kunaweza kumletea sumu katika damu: anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huyo apelekwe hospitalini bila kungoja.

Ya pili ni sukari kushuka. Mtu amejidunga insulini asubuhi, kisha anatembea saa sita bila kula. Misuli inakula sukari yote. Ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, mwili unamwaga adrenalini ili kuipandisha. Hapo ndipo mtego ulipo. Jasho, kutetemeka na moyo kupiga mbio ni alama za woga, na ni alama hizo hizo za sukari kushuka, kwa kuwa zote zinaletwa na adrenalini. Njiani, kila mtu anatetemeka. Ndugu wanaweza kufikiri mgonjwa anaogopa tu, kumbe anaelekea kupoteza fahamu.

Kanuni ni rahisi. Kama kuna kifaa cha kupimia, pima. Kama hakipo na mtu anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenklamidi, mpe sukari: vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, au nusu ya chupa ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale. Kama sukari ilikuwa juu, kiasi hicho hakitamuua. Kama ilikuwa chini, kimemwokoa. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote cha kunywa mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe kwenye kituo cha afya.

Insulini, chungu na kolera

Insulini ambayo haijafunguliwa inawekwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Kwa nyumba isiyo na friji, au ambako umeme unakatika, hilo linaonekana haliwezekani. Lakini mwaka 2021, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na chuo kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya uchunguzi wenye msingi katika joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya. Insulini iliyowekwa kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Hivyo chupa inayotumika inaweza kukaa ndani ya nyumba, mbali na jua na jiko, mradi imalizike ndani ya wiki nne. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga wenye maji katikati, vinasaidia kupunguza joto. Insulini iliyoganda kwa barafu itupwe.

Kolera, ambayo Uvira inaijua vizuri, inahitaji neno lake. Wagonjwa wengine wa sukari wanakataa maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, wakiogopa sukari iliyomo. Hilo ni kosa. Lita moja ina gramu 13.5 za glukosi tu, na glukosi hiyo ndiyo inayosaidia utumbo kunyonya maji. Mtu anayepoteza maji anakufa haraka kuliko sukari inavyoweza kumdhuru. Anywe, apelekwe kwenye kituo cha kutibu kolera, na wauguzi waambiwe kwamba ana diabete, hasa kama anatumia metformini, ambayo inaweza kuleta hatari figo zikikosa maji.

Kila mgonjwa anaweza kutayarisha mfuko mdogo leo, kabla ya siku ya kukimbia: insulini au vidonge vya wiki mbili, sindano, sukari ya kutosha, chupa ya maji, na karatasi yenye jina lake, ugonjwa wake na dawa zake pamoja na vipimo. Na walau mtu mmoja wa nyumbani ajue tofauti kati ya kutetemeka kwa woga na kutetemeka kwa sukari. Asipoweza kuitambua, atoe sukari kwanza, maswali baadaye.